Watoto Warefu na Wafupi

Mara nyingi twasikia manung'uniko ya namna hii: "Mimi sirudi tena katika shirika letu. Kiongozi ana hasira, waimbaji wanagombana, na yule mwenye sala ndefu juzi alionekana amelewa." Pengine ni kweli tupu. Lakini twauliza: mnung'unikaji huyu anatafuta shirika la watu gani? Malaika hawana shirika Masisi wala Walikale.

Sisi nasi twakiri kosa letu. Siku moja mama mmoja, mgeni aliyekimbia vita, alisoma somo katika shirika letu. Kiswahili chake kilichanganyika na Kinyarwanda, nasi tuliosoma shuleni tukatazamana na kucheka chini chini. Juma lililofuata hakuja. Tulilinda sarufi, tukampoteza dada.

Wanyanga wa Walikale wana hadithi ya kale juu ya Mwindo, iliyotolewa kitabuni na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo alikataliwa na baba yake tangu kuzaliwa, akashinda hatari zote, hata akamsamehe baba huyo. Lakini shujaa naye alikosa: aliua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba akampandisha juu angani, akateswa huko kwa baridi, mvua na jua. Aliporudi aliwaagiza watu wake wapatane, wasimcheke kilema apitaye kijijini, tena wazae watoto warefu na wafupi. Angalieni: maagizo hayo yalitoka kinywani mwa mtu aliyeadhibiwa kwanza. Ajuaye kosa lake humhurumia mwenzake.

Nchi yetu inahitaji sana somo hilo. Katika milima ya Masisi, penye Wahunde, serikali ya Ubelgiji ilihamishia familia nyingi kutoka Rwanda kati ya mwaka 1937 na 1955. Katika msitu wa Walikale wanakaa Wanyanga, Wakano, Wakumu na wengine. Huyu analima, huyu anafuga, huyu anawinda. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, huko Walikale, yakaenea hadi Masisi. Hata waliopokea ubatizo mmoja waligawanyika. Bwana wetu aliwakataza watumishi wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano. Lakini kila upande ulimwita jirani gugu, ukashika panga. Mwaka 2025 vita viliingia tena katika miji ya Masisi na Walikale, na wengi wakakimbia. Kwa hiyo leo mashirika mengi yana wageni.

Hapa tusidanganyane. Kuvumilia udhaifu si kuiita dhambi haki. Aliyeua, na aliyeiba ng'ombe wa mwenzake, anadaiwa toba na malipo. Mlevi aonywe, lakini kwa siri na kwa upendo. Ama lugha ya mama, kabila, sura na namna ya kuimba, hayo hayahitaji msamaha wa mtu yeyote, kwa kuwa si makosa. Taabu yetu ni kwamba twasamehe upesi yaliyo dhambi kwa watu wa kabila letu, na kuhesabu kuwa dhambi yasiyo dhambi kwa wageni.

Yesu alimwita Mathayo, mtoza ushuru aliyechukiwa na watu kwa kazi yake. Alimwita pia Simoni Zelote, aliyebeba jina la wenye wivu wa taifa lao. Wote wawili aliwaketisha katika karamu moja. Hakungoja kwanza wafanane.

Basi, ndugu, juma hili kila mmoja wetu amtafute katika shirika lake yule aliyeacha kuja, akaulize bila hukumu: "Je, sisi tulikukosea nini?" Nasi tulikwenda nyumbani kwa yule mama, tukamwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, akakaa mkekani. Jibu lake lilikuwa fupi: "Somo la Jumapili ni lipi?"