Peku kwa hiari

Na Tusekile Mwaisaka

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuta jozi kumi na moja za viatu zimepangwa juu ya ukuta wa ufukweni hapa Dar es Salaam. Raba za bei mbaya, soksi zimekunjwa ndani. Wenyewe walikuwa kule chini, maji yametoka, wanatembea pekupeku kwenye mchanga mbichi. Kijana anayewaongoza mazoezi akanieleza kwamba ardhi ina umeme wake. Ukiikanyaga unaingia mwilini, usingizi unakuja, presha inashuka. Nikavua ndala nikajiunga nao.

Umeme sikuusikia. Nilisikia mchanga wa baridi ukijipenyeza katikati ya vidole, na kwa nusu saa nzima sikukumbuka simu yangu iko wapi. Kwangu hiyo inatosha. Vidole vilivyobanwa wiki nzima vinapata nafasi ya kushika chini, misuli ya unyayo inaamka, na mwendo unapungua wenyewe kwa sababu lazima uangalie unapokanyaga. Karne ya 19 padri Sebastian Kneipp kule Ujerumani aliwatembeza wagonjwa wake peku kwenye majani yenye umande, na wafuasi anao mpaka leo.

Umande huo sisi tuliukimbia. Nimekulia Tukuyu. Mwezi wa Juni tulikwenda shule mbio, si kwa kuwahi kengele, bali miguu isigande. Na tukimkuta ng'ombe amelala njiani tulimwinua ili tusimame pale alipoacha joto. Viatu vilikuwa vya kanisani. Unavibeba mkononi mpaka kijito cha mwisho, unanawa, unavaa, unaingia kama mtoto wa watu.

Jioni mama alinikalisha mlangoni penye mwanga, mguu wangu juu ya paja lake, pini imechovywa kwenye mafuta ya taa. Funza akikomaa huwa mweupe kama punje ya mtama, ana kidoa cheusi katikati. Ustadi ni kumtoa mzima, asipasuke. Mama alikuwa fundi. Wapo wenzangu ambao kwao hapakuwa na fundi, na kucha zao hazikuota tena. (Mdudu mwenyewe ni mgeni: alitoka Brazil na meli iliyotia nanga Angola mwaka 1872, akalivuka bara lote kwa nyayo za watu.) Bado sijamtaja safura, ambaye mabuu yake hupenya ngozi ya mguu, na mtu anabaki kukosa damu bila kujua aibiwaye ni yeye.

Kwa hiyo mtu anaponiambia udongo unatibu, namuuliza: udongo wa wapi? Mchanga unaooshwa na bahari mara mbili kwa siku si sawa na ua wanapolala nguruwe. Na mwenye kisukari ambaye ganzi imeshashika nyayo zake asikubali kuvua viatu hata ufukweni. Atajikata na asisikie.

Kijana wetu alinitolea mfano wa Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Kweli kabisa. Ila mwaka 1964, Tokyo, Bikila alishinda tena kwa saa 2:12:11, safari hii na viatu mguuni. Hiyo ya Tokyo hawaisimulii.

Mimi nitarudi Jumamosi hii. Peku ni raha kwa yule ambaye viatu vyake vinamngoja ukutani, nami siku hizi ninavyo.

Wakati wa kuondoka nilikanyaga kijiti cha mishikaki, kikaingia chini ya kidole gumba. Nyumbani nikakaa mlangoni, mguu juu ya paja langu mwenyewe, pini na spiriti pembeni. Binti yangu akaniuliza kwa nini nisiwashe tochi ya simu.