Uchunguzi wa Maji kwa Leza: Kipi Kitaisaidia Igalula na Kipi Bado

Na Mwandishi Wetu

Kabla Reli ya Kati haijafika Tabora mwaka 1912, misafara iliyotoka pwani ilipanga vituo vyake kwa kufuata maji. Nyika ya Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ilivukwa kwa mwendo wa haraka kwa hofu ya kiu, na wapagazi walipofika Tura walijua sehemu ngumu imekwisha. Kutoka hapo hadi Tabora walipita katika nchi ambayo leo ni ya Wilaya ya Uyui, ilipo Igalula na stesheni yake ya reli.

Maji bado ndiyo hoja ya kwanza katika mikutano ya vijiji vya ukanda huo. Mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria kwenda Tabora, Igunga na Nzega, uliojengwa kwa mkopo wa zaidi ya Dola za Marekani milioni 268 kutoka Benki ya Exim ya India, umebadili maisha ya wakazi walio kandokando ya bomba. Walio mbali nalo wanategemea visima virefu, visima vya asili na malambo, na huduma yao inasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ulioanza kazi Julai 2019. Kwao, kupata maji ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kujua yana nini ndani yake.

Hapo ndipo teknolojia inayofahamika kwa kifupi cha LIBS inapoingia katika mazungumzo ya wataalamu. Mwali wa leza unaodumu kwa sehemu ya bilioni ya sekunde huelekezwa mahali padogo sana. Kitu kilichopo hapo hugeuka plazima, yaani gesi yenye joto linaloweza kuzidi nyuzi 10,000, na kila elementi iliyomo hutoa mwanga wa rangi zake. Kifaa cha kuchambua mwanga husoma rangi hizo na kutambua kilichomo, iwe kalisi, shaba au risasi. Marekani iliupeleka utaratibu huu hadi sayari ya Mirihi kwa gari la Curiosity, lililotua mwaka 2012. Karibu na kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wameutumia kuchunguza miamba na udongo wa maeneo ya jotoardhi.

Chini ya maji kazi ni ngumu zaidi. Maji huizima plazima mapema na kuufifiza mwanga wake. Njia mojawapo ya kukwepa hilo ni kupiga leza mara mbili: pigo la kwanza hutengeneza kiputo, la pili hupiga ndani ya kiputo hicho. Wajapani walichagua njia nyingine, mwali mmoja unaodumu muda mrefu zaidi, na kifaa chao cha ChemiCam kimefanya kazi kwenye chemchemi za moto za Okinawa, zaidi ya mita 1,000 chini ya bahari.

Je, kifaa cha namna hiyo kishushwe kisimani Igalula? Kwa sasa jibu ni hapana, na wananchi wanastahili kuelezwa sababu.

Ya kwanza ni kipimo chenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka aseniki isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa, na risasi vivyo hivyo. Leza inayopigwa moja kwa moja ndani ya maji kwa kawaida huona elementi zikiwa katika kiwango cha miligramu, yaani mara nyingi zaidi ya hapo. Kifaa kinaweza kukaa kimya na maji yakawa na sumu.

Ya pili ni floraidi, madini yanayosumbua mikoa jirani ya Singida na Shinyanga kwa kuharibu meno na mifupa. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, baada ya nchi yetu kuvumilia miligramu 4 kwa miaka mingi. Florini ni miongoni mwa elementi ambazo leza huzitambua kwa shida, kwa kuwa mwanga wake wenye nguvu zaidi uko nje ya upeo wa vifaa vya kawaida. Kielektrodi cha floraidi kilichopo katika maabara hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa gharama ndogo.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Sampuli ya kupima metali ikitiwa asidi huweza kukaa hadi miezi sita bila kuharibika, hivyo umbali wa kutoka kijijini hadi maabara hauidhuru. Sampuli ya vimelea ndiyo isiyosubiri: iwekwe katika kasha lenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 24, ikiwezekana mapema zaidi. Masika barabara zikikatika, sampuli hiyo ndiyo inayopotea. Leza inaharakisha jibu lililoweza kusubiri, wala haioni kabisa bakteria wa kinyesi ambao huleta kuhara na kipindupindu.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kuitupa teknolojia hii. Juu ya kitu kikavu leza huona vizuri kuliko ndani ya maji. Mkoa wa Tabora una wachimbaji wadogo wa dhahabu, hasa Nzega na Igunga, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Tope lililokaushwa kutoka malambo na mito iliyo chini ya sehemu za kuchenjulia dhahabu linaweza kupitiwa kwa leza ili kubaini mahali penye metali nyingi, kisha sampuli chache zilizochaguliwa zikapelekwa maabara kwa uthibitisho. Mkemia angeokoa siku kadhaa za kazi.

Wakati huo ukingojewa, chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinaweza kupima klorini iliyobaki bombani kwa kidonge kinachobadili rangi ya maji. Isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Mwananchi anayo haki ya kuuliza chombo hicho kisima chake kilipimwa lini mara ya mwisho na majibu yalisema nini.