Mkungu hufika Nateete, mgonjwa hukwama njiani

Kabla jua halijachomoza, malori ya ndizi kutoka Masaka, Mbarara na Isingiro huwa yameshaingia Kampala kwa barabara ya Masaka, na njia yao ni Nateete. Barabara hiyo hiyo huleta wagonjwa. Wengi hawaji kwa gari la wagonjwa, bali kwa taksi, zile ambazo Mkenya huziita matatu na Mtanzania daladala: mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana, mtoto mwenye homa iliyokataa kushuka, mzee aliyefungwa mguu kwa kipande cha kanga.

Wakishuka Nateete wanajikuta katikati ya hospitali. Mengo kuna ile iliyoanzishwa na Dkt. Albert Cook mwaka 1897. Rubaga kuna ile ya masista wa Kikatoliki ya mwaka 1899. Kituo cha afya cha Kitebi, kilicho chini ya Mamlaka ya Jiji, hakiko mbali. Hospitali hizo mbili za vilimani zina sifa njema, ila hutoza fedha, na anayeshuka kutoka kijijini mara nyingi ameshatumia nusu ya alichokopa kwa nauli tu. Lakini tatizo lake halikuanzia Nateete. Lilianzia kule mkungu ulikokatwa.

Kwenye karatasi Uganda imepangika vizuri. Kijiji kina wahudumu wa afya wa kujitolea, parokia ina kituo cha daraja la pili, tarafa ina cha daraja la tatu chenye wodi ya wazazi na maabara, na daraja la nne linapaswa kuwa na chumba cha upasuaji. Tangu Machi 2001 huduma katika vituo vya serikali ni bure, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na maskini waliitikia kwa kujaa vituoni. Ila dawa za vituo vidogo hupelekwa na bohari ya taifa kila baada ya miezi miwili, na zikiisha kabla ya wakati, mgonjwa hupewa kikaratasi aende nacho duka la dawa. Huko si bure, na bodaboda ya kumfikisha nayo si bure.

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula au Busia anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu mfukoni kwanza. Mnunuzi wa ndizi au maharage humpa mkulima fedha kabla ya mavuno. Mtoto wa mkulima akiugua na kituo kikiwa hakina dawa, fedha ile huishia hospitali ya mjini, shamba halipaliliwi, na mazao huuzwa yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Wapo wanunuzi wanaoifurahia bei hiyo. Ni faida ya msimu mmoja, kwa sababu aliyeuza kipande cha shamba kulipa deni la hospitali hatakuwa na mkungu wa kuuza mwakani.

Yanamhusu pia kwa sababu ugonjwa usiotambuliwa kijijini humrudia mfanyabiashara, tena kwa sura ya lawama. Mwaka 1982 watu walianza kukonda na kufa huko Kasensero, mwalo wa wavuvi na wa magendo katika Ziwa Victoria, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapakuwa na kituo cha kueleza kinachowaua. Uvumi ukajaza pengo: wafu walisemekana kuwa wafanyabiashara waliowadhulumu wenzao wa Tanzania, wakarogwa. Upande wa pili, huko Kagera, ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la kitambaa kilichopitishwa mpakani na wachuuzi. Ulikuwa Ukimwi. Mwaka 1983 hospitali ya Ndolage mkoani Kagera ikawa na wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa Tanzania. Kila upande ulikuwa umeshamtaja mchuuzi wa upande wa pili kuwa ndiye chanzo.

Miaka arobaini baadaye hali haikuwa tofauti sana. Ebola ilipotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, vifo vya kutiliwa shaka vilikuwa vimeanza vijijini mapema mwezi huo, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa ameshapita katika zahanati za binafsi bila kutambuliwa. Barabara ya kwenda Mubende huchepuka Busega, jirani kabisa na Nateete. Oktoba serikali ilifunga Mubende na Kassanda kwa wiki kadhaa. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 142, na 55 kati yao walikufa kabla ugonjwa haujatangazwa kwisha Januari 2023. Kila mwenye bidhaa zilizokwama katika wilaya hizo mbili alilipia udhaifu wa zahanati ambayo pengine hajawahi kuiona.

Kutegemea Kampala iokoe kila mtu nako si mpango. Mei 2023 mafuriko yalikata barabara ya Masaka pale Katonga, na magari yakalazimika kuzunguka kwa Gomba na Sembabule. Lori la ndizi linaweza kuvumilia mzunguko huo. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hana saa hizo.

Halafu kuna mfanyabiashara mwenyewe akiwa mgonjwa ugenini. Kenya ilianzisha mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024. Rwanda ina mutuelle inayofika hadi vijijini. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wake Machi 2021, nao haukupata saini ya Rais. Nchi nne, mipango minne, na Mnyarwanda anayeshikwa na malaria Nateete hulipa taslimu kama mtalii.

Tusiambiwe kwamba haiwezekani. Mwaka 2020 madereva walikwama Malaba kwa siku nyingi wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ya malori ikawa ndefu ajabu. Jumuiya ikatengeneza mfumo wa kielektroniki uliowezesha majibu ya dereva kusomwa katika nchi nyingine bila kupimwa upya. Kumbe taarifa ya afya ya mtu inaweza kuvuka mpaka pamoja naye! Iliwezekana kwa sababu mizigo ilikuwa inachelewa.

Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 118, unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Mchuuzi mdogo anapewa cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, kinachojazwa pale pale mpakani. Gazeti hili linaona hakuna sababu ya kukosekana utaratibu mwepesi kama huo kwa mwili wa mchuuzi: mwanachama wa bima ya nchi moja atibiwe homa, uzazi na ajali katika kituo cha serikali cha nchi jirani, na mifuko ilipane baadaye. Vituo vya mpakani navyo vipangiwe dawa kwa idadi ya wanaotibiwa kweli, si kwa hesabu ya wakazi wa tarafa peke yake, maana anayeumwa haulizi jiwe la mpaka liko wapi.

Fedha ni hoja ya kweli. Huko Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ahadi hiyo imekuwa ikikumbukwa zaidi kwenye hotuba kuliko kwenye hesabu. Bajeti za nchi kadhaa za Jumuiya husomwa Juni. Kila mwaka, kabla ya hapo, vyama vya wafanyabiashara hupeleka mapendekezo yao kwa mawaziri wa fedha, na karibu yote huwa ya kodi na ushuru. Safari hii orodha hiyo iwe na mstari wa dawa za vituo vya daraja la tatu, na uandikwe na wanaonunua ndizi Isingiro.