Mwampigia makofi, na tumbo lake je?

Ile posti yangu ya mwaka jana, ya mamangu mdogo amejifunga leso ya waridi na maneno AMESHINDA, nimeifuta. Ilipata laiki kuliko video yoyote niliyowahi kupiga Diani. Nimeifuta kwa sababu ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa chooni.

Siku ile tulipika pilau na sambusa, tunamshukuru Mungu kwamba kemo imeisha. Mwenye sherehe hakula hata kijiko. Alikuwa amejifungia chooni mara ya tano tangu asubuhi, na mimi niko nje na simu, nagonga: "Mama, toka kidogo basi, mwanga unapotea." Ndio mimi huyo, mtetezi wa wagonjwa.

Kila Oktoba fulana za waridi zinajaa barabara ya Ukunda. Kupima matiti sipingi. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi kwa wanawake hapa Kenya, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Lakini tukisema "wahi, utatibiwa, utapona" halafu tukashuka jukwaani, hadithi tumeikatiza pale patamu.

Dawa za kemo huua seli zinazozaliana haraka. Za saratani ni hizo, lakini na za nywele pia, na za ule utando wa ndani wa utumbo pia. Nywele zikinyonyoka kila mtu anaona, anakuhurumia. Utumbo ukichubuka, nani auone? Ongeza vidonge vya kuzuia kutapika na vya maumivu, ambavyo vyengine hufunga choo kabisa. Basi wiki hii anaendesha, wiki ijayo siku nne hajaenda, tumbo limejaa gesi kama ngoma. Kwa wengi hutulia baada ya muda. Wengine huburuta miezi. Yeye ni mwezi wa kumi na moja huu.

Alipolisema kliniki akajibiwa, "Mama, wewe shukuru uko hai." Yaani uhai umekuwa hongo ya kunyamaza? Nyumbani nako kuna aliyesema ni majini, na jirani akanong'ona kwamba siku hizi anajidekeza.

Sasa mpandishe matatu. Msambweni hadi Likoni ni kama kilomita 50, halafu foleni ya feri. Siku ya kliniki hali kitu tangu jana yake. Si saumu ile, ni hofu. Mara moja tu aliomba gari lisimame pale Tiwi, na makanga akatangaza sababu kwa sauti. Gari zima likacheka. Mle ndani walikuwemo vijana wa rika langu. Labda mmoja wao anasoma hapa.

Na hili naona haya kuliandika, lakini ndilo lililomuumiza zaidi: gesi hutangua udhu. Akaacha darsa, akaacha tarawehe, akawa anaswali peke yake chumbani na kurudia udhu mpaka analia. Hadi ustadhi mmoja alipomweleza kwamba mwenye udhuru usiokoma ana ruhusa yake: anatia udhu wakati wa swala ukishaingia, anaswali, hata kikimtoka kitu. Miezi yote ile hakujua, kwa sababu hakuthubutu kumuuliza mtu.

Kwa hivyo ugomvi wangu ni na nyinyi wenye maikrofoni, na mimi nikiwemo. Mkiweza kuchapisha fulana mia, chapisheni na karatasi moja ya mambo ya tumbo. Anayeendesha anywe lita 1 ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Apunguze mafuta, pilipili na maziwa kwa muda, ale kidogo kidogo. Dawa ya kuzuia kuharisha asiinunue kabla ya kumuuliza daktari wake. Akiona damu, au homa, au anazidi kukonda, ni hospitali siku hiyo hiyo, na asiambiwe avumilie. Na kila zahanati ya Kwale imuulize mgonjwa aliyemaliza matibabu swali moja: choo chako vipi? Mtu asivuke feri ndio aulizwe.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, si daktari, msinianzie kwenye komenti. Haya niliyapata kwa kumsumbua muuguzi mmoja maswali ishirini tukisubiri feri.

Mamangu mdogo nimemsomea hii kabla ya kuposti. Amecheka, akasema, "Ile ya makanga usiitoe."

Oktoba hii mkiniita kwenye matembezi nitakuja. Nikifika, kwanza nitauliza vyoo viko wapi.