Taka za Turkana hazianzii jaani



Nilikuwa Lodwar majuzi kwa shughuli ya kifamilia, na nilipopata siku mbili za nafasi nikapanda gari hadi Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120 kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Nilitarajia kurudi na habari za jua na vumbi. Nimerudi na suali la taka, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba sisi watu wa Pwani limo ndani ya nyumba yetu.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Wengi wetu tumesahau kuwa wako watu wetu pia kule. Kambi za wakimbizi za huku kwetu, kama Utange na Jomvu, zilipofungwa miaka ya 1990, familia nyingi za Wabarawa na Wabajuni zilipakiwa kwenye mabasi zikapelekwa Kakuma. Mzee mmoja wa Kibajuni alinikaribisha chai kwake. Mlango wa nyumba yake ni mikebe ya mafuta ya kupikia ya msaada, iliyokunjuliwa na kupigiliwa misumari kwenye mbao. Maandishi bado yanasomeka. Nje ya mlango huo upepo ulikuwa ukisukuma vipakiti vya sabuni ya unga, vya maziwa ya unga na vya biskuti, vimenasa kwenye miba ya mathenge mpaka mti umegeuka rangi.

Nikamwambia, "Ami, hizi taka hamna mahali pa kuzitupa?"

Akaniangalia. "Mwanangu, huu mkebe ulipokuja tuliupokea mara mbili. Kwanza mafuta, halafu mlango. Hicho kipakiti kilikuja kishakuwa taka. Mimi nikitupe wapi?"

Jibu lake limenikaa kichwani. Siku zote tukizungumza habari ya taka tunaanzia jaani: nani hakufagia, kaunti haikuleta lori, watu hawana ustaarabu. Mzee yule alianzia mahali pengine. Kipakiti hakikuamuliwa Kakuma. Kiliamuliwa mezani, kwenye kiwanda cha Nairobi au cha hapa Mombasa, na mtu aliyepiga hesabu kwamba sabuni ikitiwa kwenye vipakiti vya shilingi kumi itauzika upesi. Hesabu yake iliishia langoni mwa kiwanda. Lori linasafiri zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi, linashusha mzigo, linarudi tupu. Hakuna mfanyabiashara atakayelipia mafuta ya gari kurudisha vipakiti. Mvua zikinyesha, laga ya Tarach inavizoa, na vinavyobaki huliwa na mbuzi. Na kwa Mturkana mbuzi ndiye akaunti yake ya benki.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni kali, faini ya hadi shilingi milioni 4. Marufuku ile imesaidia, sikatai. Lakini ililenga mfuko wa kubebea. Vifungashio ambavyo bidhaa hutiwa moja kwa moja kiwandani viliruhusiwa kuendelea. Mama wa sokoni alinyang'anywa mfuko, mwenye kiwanda akabakishiwa kipakiti. Ndiyo maana Kakuma na Lodwar huoni tena mifuko mingi ya zamani, lakini vipakiti vimejaa kote.

Sasa tuje kwenye jambo zito kuliko kipakiti. Kakuma ni nchi ya jua, na kila duka na kibanda kina sola na betri. Neema kubwa, alhamdulillahi. Lakini betri ina umri, na ikifa huuzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu, ikasafirishwa kuelekea kunakoyeyushwa. Na sisi Mombasa tunajua betri zilizokufa huishia wapi. Owino Uhuru, kule Changamwe, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kilianza kazi 2007 na kikafungwa 2014. Moshi na maji yake viliwaingia wakaazi damuni, watoto kwanza. Mama Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho kabla ya mtoto wake mwenyewe kuonekana ana risasi mwilini, aliongoza mapambano hayo hadi mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda na kushuka, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo.

Tuzingatie jambo moja. Kiwanda kile hakikuwa kikitupa taka. Kazi yake ilikuwa kuzitumia tena, kazi ambayo tukiisikia kwenye semina tunaipigia makofi. Kutumia taka tena ni kuzuri kukifanywa sawasawa, lakini si dawa ya kila kitu. Taka iliyo salama kabisa ni ile ambayo haikuzalishwa: betri iliyotengenezwa kudumu na inayotengenezeka, iliyonunuliwa moja mahali pa tatu za bei rahisi.

Najua wako watakaosema haya ni maneno ya gazetini, kiwanda hakiwezi kuendeshwa hivyo. Basi nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na kabla ya kushika kalamu nilikaa miaka minane stoo ya kiwanda kimoja cha rangi, ambacho sitakitaja. Ratiba ya kuchanganya rangi ilitoka ofisi ya mauzo. Leo nyeupe, kesho nyeusi, kesho kutwa krimu. Kila rangi ilipobadilishwa tangi lilioshwa, na maji ya kuoshea yakaenda mtaroni. Mtaro ulikuwa ukibadilika rangi kama kinyonga, na jirani zetu walikuwa wakiturushia maneno kila asubuhi.

Aliyetutoa hapo hakuwa mtaalamu wa kuletwa. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu wa Kaloleni aliyeishia darasa la nane. Alisema tuanze wiki na nyeupe, twende krimu, manjano, nyekundu, na nyeusi iwe ya mwisho. Rangi nyepesi ikitangulia, mabaki yake hayaiharibu nzito inayofuata, kwa hivyo huna haja ya kuosha kila siku. Na maji ya kuoshea nyeupe yakatiwa kwenye pipa lake, yakasubiri nyeupe ya wiki inayofuata, kwa sababu rangi ile huchanganywa na maji hata hivyo. Kiwanda hakikununua mashine yoyote. Kilibadilisha mpangilio.

Kosa lililobaki lilikuwa la dawati langu. Nilikuwa nikinunua kemikali kwa wingi ili nipate punguzo, na mapipa mengine yalipitwa na tarehe kabla hayajafunguliwa. Kwenye karatasi nilionekana nimeokoa pesa. Mwisho wa mwaka tulilipa mara ya pili, kumlipa mtu aje ayachukue. Madrasa tulifunzwa tusifanye israfu ya maji ya udhu hata tukiwa ukingoni mwa mto. Mimi nilidhani israfu ni ya jikoni, sikujua iko hata kwenye oda ya stoo.

Wakubwa wa viwanda duniani wanalijua hili zamani. Kampuni ya Marekani ya 3M ilianzisha mpango wake wa kuzuia uchafuzi tangu 1975, na ikauita kwa jina linalosema wazi kuwa kuzuia kunalipa. Na sheria zetu si haba. Kanuni za taka za mwaka 2006 zilimtaka mwenye kiwanda apunguze taka kwa njia safi za uzalishaji, kabla hata hajafikiria pa kuzipeleka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaongeza kuwa anayeingiza bidhaa sokoni abebe jukumu lake hadi inapokuwa taka. Tatizo ni kwamba NEMA na kaunti hukagua bomba la kutolea na jaa, mahali ambapo uharibifu umeshatokea. Ni nadra mkaguzi kuketi na mtu wa ununuzi akamuuliza kwa nini ameagiza alivyoagiza.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya kawaida kama si mafuta. Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza kuwa Tullow imegundua mafuta katika kisima cha Ngamia-1, Turkana. Kuanzia Juni 2018 malori yakaanza kuyaleta Mombasa, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka Kilindini na mapipa 200,000 na zaidi. Mwaka 2025 Tullow iliuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy. Mwenye mradi amebadilika, na wakaazi wa Turkana Kusini bado wana malalamiko ya miaka kuhusu taka za uchimbaji wa visima vya mwanzo. Visima vitakavyofuata ni vingi kuliko vile.

Kuchimba kisima kunatumia tope maalumu, mchanganyiko wa maji, udongo na kemikali, linalosukumwa chini kupoza keekee na kupandisha vipande vya mwamba. Likirudi juu hupitishwa kwenye vichungio vinavyotikisika. Vichungio vikiwa vizuri, tope hurudi kazini na vipande hubaki vikavu. Vikiwa vibovu, tope huandamana na vipande hadi shimoni, halafu inabidi kuchanganya jengine kwa maji mengine. Lodwar nimeona akina mama wakifukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji ya kunywa. Kule, kila lita isiyoingia shimoni la taka ni lita iliyobaki kwa binadamu na mifugo. Vilevile visima kadhaa vinaweza kuchimbwa kutoka kiwanja kimoja, mashimo na barabara zikapungua. Na maji yanayotoka pamoja na mafuta, ambayo huongezeka kisima kinavyozeeka, yanaweza kurudishwa kwenye mwamba yalikotoka badala ya kuachwa bwawani. Mambo haya ni ya kawaida katika kazi ya mafuta, lakini huamuliwa kwenye michoro na mikataba. Mashine zikishafungwa, kilichobaki ni kutafuta mahali pa kufukia.

Na sisi? Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa huganda. Yaje kwa malori hadi Mombasa au kwa bomba la moto hadi Lamu, lazima yatunzwe joto njia nzima na kwenye matangi. Joto likilegea, nta hushika chini ya tangi, na kusafisha tangi huleta mashapo ya mafuta ambayo lazima yapelekwe mahali. Mahali hapo patakuwa kwetu. Uzembe wa Lokichar unaweza kuja kuwa jaa la Lamu.

Kwa hivyo nawaomba ndugu zangu wa Lamu, Mombasa na Turkana. Vikao vya kukusanya maoni vinapoitishwa, tumezoea kuuliza mambo mawili: vijana wetu watapata kazi ngapi, na asilimia 5 ya jamii iliyowekwa na Sheria ya Petroli ya 2019 italipwaje. Ni haki yetu kuuliza. Tuongeze la tatu: kila kisima kitatoa taka kiasi gani, mmefanya nini kupunguza kiasi hicho, na nani ameandika hesabu hiyo tuione? Wakitujibu kuwa taka zitapelekwa mahali salama, tuwaambie hilo silo tulilouliza. Owino Uhuru wamesubiri miaka zaidi ya kumi kupata haki, na risasi iliyoingia mwilini mwa mtoto haitolewi na hukumu ya mahakama.

Yule mzee wa Kakuma hakuwa na diploma, lakini aliuliza swali ambalo mimi sikuliuliza kwa miaka minane stoo. Nikirudi kwake, inshallah, ningependa niwe na jibu.