Gundi Inayojua Kuachia

Gundi twaisifu kwa kushika. Leo twataka kuisifu kwa kuachia.

Ngozi ya mtoto njiti ni nyembamba mno. Vipimo vya moyo na pumzi hubandikwa juu yake, na gundi ikiwa kali, wakati wa kubandua huichuna ngozi, jeraha likawa mlango wa maradhi.

Ndiyo maana wataalamu wameigeukia jeli ya maji. Mfano wake u jikoni mwetu hapa Mpitimbi: ute wa bamia, ambao ni maji yaliyozuiliwa yasitiririke. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walieleza jeli ya namna hiyo, na kwayo zikapatikana lenzi laini za machoni. Siku hizi zimo jeli zinazolitii joto: aina moja, ikifika kama digrii 32, hutoa maji ikasinyaa, ikipoa huvimba tena. Kwa badiliko kama hilo gundi yaweza kuinyanyua saketi nyembamba kuliko unywele kutoka bamba gumu ilikoundwa, ikaiweka mahali pengine, kisha ikaiachia bila kuivunja.

Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza vipimo vya watoto wachanga visivyo na nyaya, vyenye gundi laini. Na vya jamii hiyo vimejaribiwa hata Nairobi.

Basi, enyi wazazi, hekima hii tusiingojee mashine. Plasta ikigandamana na ngozi ya mtoto, tusiivute kwa nguvu. Tuiloweshe maji ya uvuguvugu, iachie polepole.