Sheria ya mazingira si mifuko ya plastiki peke yake

Muulize mfanyabiashara yeyote anayevuka Petite Barrière, kati ya Gisenyi na Goma, sheria ya mazingira ni nini. Atakujibu kwa neno moja: mifuko. Anamaanisha mifuko ya plastiki, amashashi, ambayo Rwanda iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na ambayo mtu hunyang'anywa mpakani hata kama ndani yake mna kilo moja tu ya unga. Jibu hilo si la uongo, ila ni pungufu, na upungufu huo una gharama kwetu sisi wa huku chini Rubona.

Itakumbukwa kuwa hifadhi za kwanza zililetwa kwa amri za Wabelgiji: ile ya Albert mwaka 1925, ambayo baadaye ilitanda kwenye volkano za pande zote mbili za mpaka, na Akagera mwaka 1934. Raia hakuulizwa. Alielezwa tu mahali asipotakiwa kukanyaga.

Baada ya 1994 tulirudi kwa wingi, wengi wetu bila hata kipande cha ardhi. Mwaka 1997 Akagera ilipunguzwa kwa takriban theluthi mbili ili watu wapate makazi na malisho. Gishwati, msitu uliokuwa umekwisha kuliwa na miradi ya mifugo miaka ya 1980, nao ulifyekwa kwa makazi na mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta zipatazo 600. Simlaumu mtu aliyetafuta mahali pa kulaza watoto wake. Lakini deni la msitu halifutiki kwa huruma.

Ndipo sheria zikaja. Katiba ya 2003 ilitamka haki ya raia ya kuishi katika mazingira bora. Sheria kuu ya mazingira ilitoka 2005, na REMA, mamlaka inayoisimamia, ikaundwa kisheria 2006. Gishwati na Mukura zikawa hifadhi ya taifa 2015. Sheria ya 2005 ilibadilishwa 2018, na mwaka 2019 marufuku ikapanuliwa hadi plastiki za kutumia mara moja na kutupa. Nje ya nchi, Rwanda ilitia saini mikataba ya Rio mwaka 1992, na mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za majokofu zinazopasha dunia joto.

Kwenye karatasi, basi, hatuna upungufu. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi. Mto Sebeya, unaoteremka kutoka milima ya Gishwati hadi Ziwa Kivu hapa kwetu, ulifurika na kubomoa nyumba za watu Rubavu. Maji hayo hayakubebwa na mfuko wa mama muuza sambaza.

Kwa maoni yangu, ukali tunaouona mpakani uonekane pia mlimani: kwa anayelima hadi ukingoni mwa mto, anayechimba mchanga na madini ovyo, anayekata miti bila kupanda. Matuta na mianzi iliyokwisha kupandwa itunzwe. Pili, sheria hizi zielezwe sokoni kwa Kiswahili, lugha ya biashara yetu. Mtu akijua sababu ya sheria haisubiri polisi. Tatu, Kongo nayo ilipiga marufuku mifuko hii kwa amri ya Desemba 2017, na tangu 2022 imo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa nini basi mchuuzi auziwe upande mmoja kitu atakachonyang'anywa upande wa pili? Ziwa ni moja, na uchafu haugongewi muhuri.

Nilisoma shule uhamishoni Tanzania, tukiimbiwa kila siku: kata mti, panda mti. Ndugu zangu tuliorudi, tuliililia nchi hii miaka mingi. Tusiiache sasa iteremke na Sebeya kuingia ziwani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.